Kompyuta ya i5 ya zamani, steshenari Malimbe: niiuze au niiokoe?

BintiMalimbe

Wakuu habari zenu. Nina steshenari ndogo hapa Malimbe, kwenye njia ya chuo. Wateja wangu karibu wote ni wanafunzi: kuchapa na kuprinti ripoti, kutoa kopi, kujaza maombi ya mkopo na ya ajira mtandaoni.

Kompyuta yangu ni ya mezani, Dell Optiplex 7010, ile yenye kesi pana. Prosesa Core i5-3470, RAM GB 8, diski ya kuzunguka GB 500, Windows 10. Tangu Oktoba inaniletea ujumbe kwamba Windows 10 imefika mwisho na mashine haiwezi kupanda Windows 11. Tena imekuwa nzito mno. Naiwasha, nafagia duka, nabandika chai, ndipo inakubali kufungua Word. Mchana feni inapiga kelele mpaka wateja wanauliza.

Fundi mmoja mjini ameiangalia akasema hiyo ni ya makumbusho. Yuko tayari kuichukua kwa laki moja, niongeze laki nne, anipe mpakato mpya wenye Windows 11 tayari: Celeron N4020, RAM GB 4, hifadhi GB 64. Anasema hicho ndicho kizazi kipya. Mdogo wangu naye yuko likizo, anataka kucheza gemu la GTA 5 jioni nikishafunga. Na mteja mmoja amenitisha zaidi, anasema nisinunue chochote kwa sababu kompyuta za kwanta zinakuja na hizi zetu zote zitakuwa vyuma chakavu.

Nina laki tatu mkononi, nikijibana nafika tano. Naomba ushauri wa kweli maana hii ndiyo inayonilipia pango.

Nyegezi_Boy

Dada uza tu. Dogo akitaka gemu mtafutie PS, kompyuta ya hivyo haitamfikisha popote. GTA 6 yenyewe imetangazwa kutoka 19 Novemba 2026 kwa PS5 na Xbox Series tu, kompyuta hazimo kabisa. Jikusanye taratibu upate PS5, jioni unaweka benchi nje, watoto wanalipia. Ni biashara hiyo.

MhasibuWaMwaloni

Binti Malimbe, usiuze. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujampelekea huyo fundi mashine.

Mimi ni mhasibu wa ghala la dagaa hapa Kirumba. Kompyuta si ajira yangu, ni mapenzi, lakini mashine za majirani na jamaa zinapita mezani kwangu kila mara na hizo Optiplex nazijua ndani nje. Inaniuma sana kuona mtu anatoa mashine yenye nguvu kwa laki moja, halafu anaongeza pesa juu ili apewe iliyo dhaifu.

Prosesa ya huo mpakato, N4020, ina kori mbili, yaani vichwa viwili vya kufanyia kazi. Yako ina kori nne zinazokimbia GHz 3.2. Fungua Word, kivinjari chenye tabo kumi na PDF ya mwanafunzi kwa wakati mmoja, hiyo Celeron haifiki nusu ya nguvu ya mashine yako. RAM yake ya GB 4 kwa kawaida imechomelewa kwenye bodi, huongezi kitu. Na hizo GB 64 ni chipu iliyochomelewa vilevile. Windows 11 ikishakaa na kuanza kushusha masasisho yake, nafasi ya kuweka ripoti za wateja utaitafuta kwa tochi.

Sasa utaniuliza, mbona Windows 11 inaikubali iliyo dhaifu na kuikataa yenye nguvu? Kwa sababu orodha ya Microsoft haipimi kasi. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Core i7-7700 ya mwanzoni mwa 2017, prosesa kali kabisa, imeachwa nje ya orodha hiyo. N4020 ya mwishoni mwa 2019 imepita. Hoja ya usalama naielewa na naiheshimu, TPM inatunza funguo za kufungia diski mahali ambapo programu mbaya haifiki kirahisi. Lakini mtu akikwambia mashine yako "imekataliwa", muulize imekataliwa kwa kipimo gani. Swali hilo moja, wamepima nini, limeniokolea pesa nyingi mimi na jirani zangu, na nitalirudia humu.

Kuhusu uzito: kuwasha, kufagia, kubandika chai, huo ni ugonjwa wa diski. Diski ya kuzunguka inazunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa chake kinakimbilia kipande kimoja baada ya kingine. Vipande vikiwa vimetawanyika, kwa sekunde moja kinafikia kama mia hivi. SSD, hifadhi ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, hata ile ya bei ya chini, inafikia makumi ya maelfu. Prosesa yako imekaa tu inasubiri. Weka SSD ya SATA ya GB 256, ulizia maduka matatu ya mjini kabla ya kulipa maana bei zinapishana sana, na ile diski ya GB 500 iache humo humo iwe ghala la mafaili ya wateja. Hilo peke yake litakubadilishia siku yako ya kazi.

Kuhusu kelele: hapo Malimbe uko jirani kabisa na ziwa. Wale wadudu wadogo wanaopanda ziwani kama moshi mwezi ukiandama, ndio chanzo. Viluwiluwi vyao vinaishi kwenye tope la chini ya ziwa, wakishabadilika wanaruka kwa pamoja, hawaumi mtu, wanafuata taa. Duka lako likiwa na taa usiku, feni ya kompyuta inawavuta. Nimeshafungua mashine za watu wa Igombe na wa hapa Mwaloni nikakuta kile chuma cha kupozea prosesa kimefunikwa na utando wa kijivu, mabawa yameshikana na vumbi na mafuta, unaubandua kwa kucha unatoka mzima mzima. Hewa haipiti. Prosesa ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na feni inazunguka kwa nguvu zake zote bila faida.

Hiyo kesi pana inafunguka ubavuni kwa kuvuta komeo, huhitaji bisibisi. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, itoe nje ya duka. Tumia brashi laini ya rangi, mpya, na bloa ukiweza kuazima. Shika mapanga ya feni kwa kidole wakati unapuliza, usiyaache yazunguke hovyo maana yanaharibika. Ukimaliza weka chandarua chepesi kwenye matundu ya mbele, kile cha madirishani, na ukisafishe kila mwezi mpya.

GTA 5 nitarudi kwayo, ila nikupe moja kwanza. Rockstar, watengenezaji wake, walipoileta kwenye kompyuta Aprili 2015 walitaja prosesa wanayoipendekeza. Siyo ya chini kabisa, ile ya kupendekezwa. Waliandika Core i5-3470. Hiyo hiyo uliyonayo.

Nyegezi_Boy

Mzee hiyo ya i5-3470 sikuijua. Sawa. Lakini GTA 5 bila kadi ya picha haiendi, tusidanganyane.

MhasibuWaMwaloni

Kweli kabisa, haiendi vizuri. Picha za ndani ya prosesa hiyo ni Intel HD 2500, zinabeba magemu ya zamani kama GTA San Andreas na PES, basi. Dogo anahitaji kadi.

Kesi pana ya 7010 ina saplai, kile kiboksi cha kugawa umeme ndani, ya wati 275, kwa hiyo atafute kadi isiyohitaji waya wa ziada kutoka kwenye saplai. GTX 1050 Ti ya GB 4 ni wati 75, inachukua umeme wote kwenye soketi ya bodi. GTX 1650 nayo ipo ya wati 75, ila aangalie, kuna toleo lenye tundu la waya wa ziada, hilo aliache. Kati ya hizo mbili ningechukua 1650 bila kusita, hata kama ni ya mtumba na imezidi bei kidogo. Nvidia, watengenezaji wa kadi hizo, wameshaiweka familia ya 1050 Ti pembeni: draiva, yaani programu za kuiendesha kadi, za magemu mapya zilikoma Oktoba 2025, zimebaki za kuziba mianya ya usalama hadi Oktoba 2028. Kwa GTA 5 haina shida, ila pesa ya kujibana uiweke kwenye kitu ambacho bado kinatunzwa.

Na kabla hajalipa, aione ikifanya kazi. Si kuwaka tu. Icheze gemu robo saa mbele ya macho yake, aangalie kama kuna madoadoa ya rangi au skrini inazima. Kadi nyingi za mtumba zimechimbia sarafu za mtandaoni usiku na mchana kabla ya kufika hapa.

Kuhusu PS5 sikubishii, ni mashine nzuri sana. Ila haimprintii mwanafunzi ripoti, na dada ametuambia pango linalipwa na nini. Na hizi habari za kadi mpya mpya zinazojaa kwenye simu zenu, zisomeni pamoja na mita ya LUKU. RTX 5090 ilitoka Januari 2025 kwa dola 1,999, na inakula hadi wati 575. Kwa sisi tunaolipa uniti kama shilingi 356, saa moja ya kadi hiyo ikiwa kazini ni zaidi ya shilingi 200, kadi peke yake, bila skrini wala prosesa. 1650 saa hiyo hiyo haifiki shilingi 30. Kila mara wanatangaza kwamba hii mpya ina kasi mara mbili ya ile, na mimi kila mara naangalia chini kabisa kuona wamepima nini. Safari hii sehemu kubwa ya "mara mbili" ni picha za kubuniwa, mashine inachora picha moja halisi kisha inajaza tatu za kukisia katikati. Ni ufundi wa hali ya juu, naupenda. Lakini ukibonyeza kitufe, gemu inakujibu kwa kasi ya ile picha halisi.

Fundi_Igoma

Nimefanya kazi hii muda mrefu, Mhasibu yuko sahihi kuhusu SSD na usafi. Niongeze la umeme. Ukikatika, zima swichi ya ukutani. Ukirudi usiwahi kuwasha, subiri utulie. Saplai nyingi ninazoletewa zimeungua pale umeme unaporudi kwa kishindo, siyo wakati wa kukatika. Stabilaiza nzuri au UPS ndogo ni bora kuliko RAM ya ziada.

Na kwenye RAM Mhasibu tusaidie kuwaelewesha wateja. Wananiona mwizi. RAM ya DDR4 niliyokuwa nauza bei ya kawaida mwaka jana leo nikiitaja mtu anageuka anaondoka.

MhasibuWaMwaloni

Pole fundi, si kosa lako. Kampuni kubwa za kutengeneza RAM duniani ni tatu, Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Wanaojenga majumba ya kompyuta za akili mnemba wanataka RAM ya aina yake, ile inayopangwa tabaka juu ya tabaka na kukaa pembeni ya chipu. Kutengeneza GB moja ya hiyo kunakula kama mara tatu ya sahani ya silikoni inayotosha GB moja ya RAM ya kawaida. Kiwanda ni kile kile. Anayelipa zaidi ndiye anayehudumiwa kwanza, sisi tunagawana kinachobaki.

Desemba 2025 Micron wakatangaza kwamba wanaacha kabisa kuuza bidhaa za Crucial kwa watu wa kawaida. Crucial! Jina ambalo kila mtu aliyewahi kuongeza RAM kwenye mashine ya nyumbani analijua. Nilisikitika sana siku hiyo, na bado naona si haki kwamba mwanafunzi wa Mwanza analipia zaidi ili kompyuta ya mbali imwandikie mtu barua pepe ambayo angeiandika mwenyewe.

Kwa Binti Malimbe hilo halimgusi sana. Mashine yake inatumia RAM ya DDR3, aina ya kabla ya DDR4, ambayo inapatikana kutoka kwenye kompyuta zilizokufa, na kwa steshenari GB 8 zinamtosha. Asiongeze kitu hapo. Pesa iende kwenye SSD, halafu umeme, halafu ndipo kadi ya dogo.

Sengerema_Net

Nakubaliana na mengi, lakini hapa Mhasibu umeruka jambo. Unamwambia abaki na Windows 10 ambayo haipati ulinzi? Steshenari ni kituo cha flashi za watu wote. Flashi moja yenye vairasi ikiingia, mafaili ya kila mteja anayefuata yanageuka shotikati. Na humo anajaza maombi ya mikopo, namba za NIDA za watu zinapita humo.

MhasibuWaMwaloni

Umeuliza la maana kuliko yote, na hapa ndipo ningependa dada atulie asome taratibu.

Masasisho ya bure ya Windows 10 yalikoma 14 Oktoba 2025. Ila kuna mwaka mmoja wa nyongeza wa ulinzi hadi 13 Oktoba 2026. Unaulipia dola 30, au unapewa bila kulipa ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Lazima mashine iwe na toleo la 22H2. Unaenda kwenye Mipangilio, sehemu ya masasisho, utakuta kiungo cha kujiandikisha. Fanya hivyo wiki hii, maana huo mwaka ulishaanza kuhesabiwa.

Pamoja na hiyo, kwenye SSD mpya weka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, pembeni ya Windows. Toleo la 22 linatunzwa hadi 2029, na mashine kama yako linaiendesha bila kutoa jasho. Sababu yangu ni hizo flashi. Vairasi wa shotikati ameandikwa kwa ajili ya Windows, ukichomeka flashi kwenye Mint hana pa kukimbilia. Unaona folda halisi zilizofichwa, unaona na lile faili bovu, unalifuta, unamrudishia mteja flashi yake ikiwa safi. Nimeona mwanafunzi akilia machozi kwa sababu utafiti wake wote "umepotea", kumbe umefichwa tu, na umekaa pale pale. Maombi ya mkopo, ajira, matokeo ya NECTA, vyote ni kivinjari, vinafanya kazi kwenye Mint bila tatizo.

Mahali ambapo sitakudanganya ni Word. Ripoti ya mwanafunzi yenye majedwali, vichwa vya kurasa na yaliyomo ya kujitengeneza, ukiifungua kwa LibreOffice, programu inayoshika nafasi ya Word kwenye Mint, mistari inasogea. Mwalimu anarudisha kazi. Hizo zifungulie Windows. Na printa uijaribu kwanza: Epson nyingi za matangi zinakubali, baadhi ya printa ndogo za leza zinasumbua sana. Huna haja ya kuhamia ndipo ujue. Mint unaiwasha kutoka kwenye flashi, unaprinti ukurasa mmoja, unazima, Windows yako haijaguswa.

Kwa dogo: magemu mengi ya Steam, duka la magemu la mtandaoni la kampuni ya Valve, yanakwenda kwenye Linux kupitia Proton, programu ya kuwasha magemu ya Windows humo, ambayo Valve waliileta 2018. GTA 5 ya peke yako inacheza. Ya mtandaoni ilifungiwa Linux Septemba 2024 walipoweka ulinzi mpya wa kuzuia wadanganyifu. Hata hivyo akumbuke ni zaidi ya GB 100, kwa bando la simu ataumia. Atafute aliyeinunua amnakilie mafaili kwenye diski, kisha aingie kwa akaunti yake mwenyewe aliyonunulia gemu, Steam itahakiki tu yaliyopo.

Mwl_Bwiru

Mimi ni mwalimu wa fizikia, nimefurahi kusoma. Mhasibu, mteja wake amemtisha kuhusu kwanta. Wanafunzi wangu nao wanakuja na habari hizo kila wiki, kwanta, akili mnemba kuwa na roho, na juzi ile nyota-mkia wakidai ni chombo cha viumbe wa anga. Unawajibuje? Maana nikisema "si kweli" wanaona nimepitwa na wakati.

MhasibuWaMwaloni

Mwalimu, shikamoo. Siwaambii si kweli, nawaambia tukaangalie wamepima nini.

Kwanta: Desemba 2024 Google walitangaza chipu ya Willow, yenye kubiti 105, yaani vijisehemu vya kuhesabia vya kompyuta ya kwanta. Wakasema imemaliza kwa chini ya dakika tano hesabu ambayo kompyuta kubwa za leo zingeichukua miaka 10 yenye kufuatiwa na sifuri 24. Ni kweli walitangaza. Sasa hesabu yenyewe ni ipi? Ni kuchora saketi za kwanta kwa kubahatisha na kusoma majibu yake. Imechaguliwa kwa sababu ni ngumu kwa kompyuta za kawaida. Haiprinti, haitafuti, haipangi mshahara wa mtu. Jambo kubwa la Willow, na mimi lilinisisimua kweli, ni jingine: walipoongeza kubiti kwa ajili ya kusahihisha makosa, makosa yalipungua badala ya kuongezeka. Watu walikuwa wakilitafuta hilo tangu miaka ya 1990. Na chipu hiyo inafanya kazi ndani ya baridi inayokaribia sifuri kamili. Hakuna anayekuja nayo Malimbe.

Nyota-mkia hiyo ni 3I/ATLAS, iligunduliwa 1 Julai 2025 kwa darubini iliyoko Chile, na ni kitu cha tatu tu kinachojulikana kuingia kwenye mfumo wetu wa jua kutoka nje. Ilipotukaribia zaidi, Desemba 2025, ilikuwa kilomita kama milioni 270. Mkia wake wa gesi na vumbi ulipimwa kwa darubini nyingi. Mgeni aliyesafiri kutoka kwenye nyota nyingine, hata kama ni barafu tu, anastahili kustaajabiwa bila kuongezewa chumvi.

Lakini Mwalimu, kinachonikera kuliko uongo ni habari za kweli za kwetu kutofika darasani kwako. Wanafunzi wako wa Bwiru wanaliona ziwa dirishani. Wanajua kwamba furu, wale samaki wadogo wa humu, ni moja ya maajabu ya sayansi ya viumbe duniani? Ziwa hili lilikauka, kisha likajaa tena kama miaka 15,000 iliyopita, na tangu hapo wamepatikana furu wa aina zaidi ya 500. Hakuna kundi la wanyama wenye uti wa mgongo linalojulikana kugawanyika kwa kasi hiyo.

Wapo wawili, Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei. Ndiyo, huyo wa pili amepewa jina la Mwalimu Nyerere. Madume wa kwanza wana rangi ya bluu na wanakaa maji ya juu, wa pili wana wekundu na wanakaa chini zaidi. Oktoba 2008 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika kwenye visiwa vya hapa hapa Mwanza, kikiwemo Makobe. Walipima mwanga unaofika kwenye kila kina, wakapima jini za macho ya samaki, wakapima majike wanachagua madume gani. Chini, mwanga wa bluu unakatwa na tope, unabaki mwekundu, na macho ya samaki wa chini yameelekezwa huko. Jike anamchagua dume anayemwona vizuri. Kwa hiyo mwanga unasaidia aina mbili zibaki mbili. Na palipo na maji machafu mno, mwanga hautoshi kutofautisha, wanachanganyikana, aina mbili zinarudi kuwa moja.

Nilipoisoma hiyo nilienda Capri Point nikakaa kwenye mawe nikaangalia maji mpaka jua likazama. Taka na mbolea tunazoziacha zitiririke na mvua zinafuta aina za samaki kwa kuziba mwanga. Kila hatua ya utafiti ule ina kipimo ambacho mtoto wa kidato cha tatu anaweza kukielewa. Wafundishe hiyo, Mwalimu. Wakija na habari ya akili mnemba kuwa na roho watauliza wenyewe wamepima nini.

Mwl_Bwiru

Marahaba kijana wangu. Nina kipindi cha mwanga Jumatatu. Nitaanza na furu.

BintiMalimbe

Wakuu nimerudi. Kwanza nawashukuru wote, Mungu awabariki.

Nimefungua mashine pamoja na mdogo wangu. Huo utando niliukuta, na kwenye saplai wadudu walikuwa wamejaa hata zaidi. Tumesafisha nje ya duka, jirani akatuazima bloa ya saluni tukatumia upande wa baridi. SSD nimepata kwa elfu tisini baada ya kuzunguka maduka, duka la kwanza lilitaka laki na thelathini kwa ile ile. Nimepigiwa Windows upya na nimejiandikisha kwenye ule mwaka wa nyongeza. Word inafunguka kabla sijavuta kiti. Feni siisikii. Mint tumeiwasha kutoka kwenye flashi, Epson yangu ikaprinti mara ya kwanza.

Yule fundi nimemwambia siuzi. Kadi dogo ameahidiwa akisaidia duka likizo yote.

Limebaki moja. Kila asubuhi nikiwasha, tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Kivinjari kinakataa kufungua tovuti za maombi, kinasema si salama. Ni vairasi?

Fundi_Igoma

Betri ya bodi hiyo dada. Ile ya duara, ya shilingi chache.

MhasibuWaMwaloni

Fundi amemaliza, si vairasi. Bila shaka usiku unazima ukutani, na ni vizuri uendelee. Umeme ukikatwa kabisa, saa ya mashine inaendeshwa na kibetri kidogo cha duara kwenye bodi. Kimeisha. Tovuti zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, sasa kompyuta yako ikiamini tuko mwaka mwingine, inaona cheti hakijaanza kutumika, inakataa.

Kabla hujakichomoa, washa mashine, bonyeza F2 nembo ya Dell ikitokea, piga picha za simu kurasa zote za mipangilio, ili kitu kikibadilika ujue kilikuwaje. Kisha zima, chomoa waya, sukuma kile kiklipu cha pembeni, betri itaruka yenyewe. Upande wenye alama ya kujumlisha unakaa juu. Washa, rekebisha saa humo humo kwenye F2, hifadhi, toka.

Dukani taja CR2032 na uisome mwenyewe kwenye chuma chake. Wakikupa CR2025 irudishe, upana ni ule ule lakini ni nyembamba, inacheza kwenye tundu lake na tarehe itarudi nyuma tena.